Mstari wa Wifi Umelala Juu ya Utando Usio Wake

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, maana mwenzio nimefika mahali hata chai naiacha inapoa mkononi na watu wananiuliza kama naumwa, nami najibu "uchovu tu," na kweli ni uchovu, lakini si ule wa kulala ukaamka umekwisha. Nakusoma kila Jumamosi kwenye chumba chetu cha chai kazini, tunagombania ukurasa wako kabla ya ule wa michezo, na najua wengi wanaokuandikia wanalia na waume zao wasiotulia. Wangu ametulia. Ni fundi wa majokofu, akitoka kazini anakuja nyumbani, anakula, anakoroma, sina kesi naye kubwa. Kesi yangu inamhusu dada yake, yaani wifi yangu, pamoja na kitu chembamba ambacho hata nikikuwekea kiganjani hutakiona.

Vumilia kidogo nikueleze kazi yetu, maana bila hiyo hutanielewa. Ile nyeusi iliyo ndani ya penseli ni matabaka juu ya matabaka ya kaboni, na ukiibandika selotepu ukabandua, ukabandika tena ukabandua, ukirudia kwa subira ya mtu asiye na haraka ya maisha, mwisho unabakiwa na utando wa tabaka moja tu, unene wa atomu moja, na huo ndio unaoitwa grafini. Umeme hupita humo kwa urahisi wa ajabu, na sisi tunalipwa kujua ni kwa urahisi kiasi gani na kwa sababu gani. Mimi ni mpimaji: natafuta utando kwa hadubini juu ya kipande cha silikoni kidogo kama ukucha wa kidole gumba, nauwekea miguu ya dhahabu, naupitishia umeme, nabadilisha volti, nasoma, na kila ninachosoma kinakuwa kitone kwenye grafu. Wifi yangu yeye hashiki chochote isipokuwa kibodi. Anauiga utando uleule ndani ya kompyuta, anaiandikia hesabu za jinsi umeme unavyopaswa kwenda, kompyuta inakokotoa siku nzima huku feni yake inalia kama mgonjwa, kisha inatoa mstari. Mstari wake ukipita katikati ya vitone vyangu tunasema utando tumeuelewa, usipopita tunanuniana.

Na mshauri, tumenuniana miaka. Mstari wake siku zote ulikuwa juu, vitone vyangu chini, yaani kompyuta inasema umeme utapita mwingi na mashine yangu inasema haupiti mwingi hivyo. Nikimwuliza anasema, "Wifi, wewe unapima uchafu, huo utando wako umeupikia wapi?" Nami namjibu, "Na wewe unaiga peponi, huko kusiko na vumbi wala jasho la mtu." Tunacheka, lakini kicheko cha watu wanaojua mkataba wao unaisha. Tulisoma pamoja tangu mwaka wa kwanza, yeye ndiye aliyenipeleka kwao nikamsalimu mama yake, na kaka yake akatoka uani mikono imejaa grisi akaniomba radhi kwa kutonipa mkono, na mengine unayajua. Mama mkwe mpaka leo akiulizwa ana watoto wangapi ananihesabu na mimi, anasema hawa wawili niliwazaa siku moja ila mmoja alipitia kwingine. Wifi anaishi nasi, chumba cha uani, sukari yetu moja, simu tunachajia waya mmoja. Hivyo ukiniambia "mwache huyo," sina pa kumwachia.

Sasa mkuu wetu wa maabara, tunayemwita Desimali kwa sababu hata ukimwuliza saa anakutajia na sekunde, alituita mwaka jana akatuambia hataki tena kusikia sababu, anataka kuona mstari umepita kwenye vitone, vinginevyo meza ya uigaji inafungwa na wifi anarudi mtaani na shahada zake. Kuanzia siku hiyo tukaingia kwenye utaratibu ambao sikuuona ubaya wake. Nikimaliza kupima, wifi ananiambia, "Niletee vitone kwanza, nisitwange gizani." Nampa. Anavitazama, halafu anaanza kurekebisha: kwenye uigaji wake kuna namba ambazo hakuna anayezijua kwa hakika, kwa mfano uchafu ni mwingi kiasi gani chini ya utando, maungio ya dhahabu yanakula umeme kiasi gani, utando umejikunja wapi. Anapandisha hii, anashusha ile, anauangalia mstari unavyosogea, anapandisha tena. Ni kazi ngumu, mshauri, simdharau, macho yake yamekuwa mekundu mpaka mama mkwe akamletea miwani yake ya zamani ya kusomea.

Jumapili moja tulikuwa sebuleni, tukasikia ukelele kutoka chumba cha uani. Mume wangu akanyakua spana akidhani ni mwizi. Tunafika, wifi amesimama juu ya kitanda, kompyuta iko chini, anaelekeza kidole: mstari umelala juu ya vitone vyangu kuanzia mwanzo hadi mwisho, haukuacha hata kimoja nje. Alilia, nikalia, mume wangu akabaki ameshika spana akiuliza, "Kwa hiyo hakuna mwizi?" Desimali alipoiona grafu ile akaichapisha kubwa, akaitundika kwenye ukumbi wa kuingilia, na wageni wakija anawasimamisha hapo. Tukaandika makala, majina yetu mawili mbele yanafuatana, jarida likaipokea, sasa iko njiani kuchapishwa. Na wifi ameitwa kwenye usaili wa kazi ya kudumu, mwishoni mwa mwezi huu, na kitu atakachowaonyesha wale wakubwa ni grafu hiyo.

Hapo ndipo mkosi wangu unapoanzia. Wiki iliyopita yule mama wa mashine ya leza, jirani yetu wa chumba cha pili, aliniomba kipande kile cha silikoni ajaribie mashine yake mpya, nikampa bila wasiwasi, na mashine yake hiyo inaweza kuhesabu matabaka. Akanirudishia akaniambia kwa upole tu, "Utando wako mzuri, wa matabaka mawili." Nikamwambia hapana, wa moja. Akaniambia, "Mama, mashine haina sababu ya kunionea haya." Nikacheka. Nikarudi ofisini, nikafunga mlango, nikakiweka kipande chini ya hadubini.

Kile kipande ni cha mraba, mshauri, pande zote zinafanana, na juu yake kuna tando nyingi zimetawanyika, kwa hiyo sisi tunakwangua kona moja iwe alama, kisha tunahesabu kutoka hapo: nenda kulia kiasi hiki, teremka kiasi kile, utakuta utando wako. Ndivyo tunavyofanya wote. Sasa siku ya kuweka dhahabu nilikibana vibaya kwa kibano, kona nyingine ikamegeka kidogo. Nakumbuka nilijilaani kisha nikasahau. Nilipokirudisha kwenye mashine nilitafuta kona yenye alama, nikaiona, nikahesabu kutoka hapo, kulia, chini, nikakuta utando, nikauwekea dhahabu. Kumbe kona niliyoiona ni ile niliyoimega mimi. Utando wangu wa tabaka moja, niliouchagua kwa macho yangu, uko upande wa pili wa kipande, haujaguswa na mtu. Nilioupima ni mwingine kabisa, na ni mnene maradufu.

Na vitone vya utando huo mwingine ndivyo nilivyompelekea wifi. Naye akauiga utando wa tabaka moja, kwa sababu nilimwambia ni wa tabaka moja, na mstari ukalala. Sijui kama unaona ninachokiona. Kosa la kona ni langu, nalikubali, ningeweza kulia nikalimaliza. Kinachoninyima raha ni kwamba mstari ulilala! Haukutakiwa kulala. Matabaka mawili hayaendi kama moja, mtoto wa mwaka wa pili anajua, chini kabisa ya grafu mkunjo wake ni tofauti. Kama hesabu za wifi zimeweza kuukubali utando usio wake kwa furaha namna ile, basi zingekubali chochote ambacho ningempelekea, na kama zinakubali chochote hazijui kitu. Yaani nikifunua kosa langu nimefunua na lake, na langu ni la mkono kuteleza lakini lake ni kazi yake ya miaka yote.

Nilimwambia mume wangu peke yake. Alikuwa amelala chali, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mke wangu, utando wenyewe hauonekani. Funika kombe mwanaharamu apite. Apate kazi kwanza, mengine mtarekebisha kimyakimya." Kisha akageukia ukutani akalala. Najua anampenda dada yake. Na mimi nampenda, ndiyo maana nimeshindwa.

Juzi wifi alifanya mazoezi ya usaili pale sebuleni. Amenunua viatu vipya, anatembea navyo ndani ili vilegee. Alinikalisha kwenye kochi niwe jopo zima, akaelekeza ukuta mtupu akasema, "Na hapa, waheshimiwa, mtaona vipimo vya wifi yangu na hesabu zangu vikishikana, na bila mikono yake mimi ningekuwa naiga ndoto." Akanitazama kwa macho ya kuniuliza kama ameenda vizuri. Nikaitikia kwa kichwa. Niliitikia, mshauri, na tangu hapo siwezi kula naye sahani moja, nasingizia tumbo.

Nifanyeje? Ninyamaze mpaka usaili upite? Nimwendee Desimali nimwambie kosa ni langu tu, nisitaje habari ya mstari, labda hatafikiria? Au nimwambie wifi, nimtie mchanga kitumbua chake kikiwa kinywani, akose kazi, mama mkwe aniondoe kwenye hesabu ya watoto wake? Utando wa kweli bado upo pale kwenye kipande, unanisubiri, na sijathubutu kuupima, kwa sababu nikishaupima nitajua, na nikijua sitaweza tena kujidanganya kwamba labda. Nimechoka, mshauri. Nijibu hata kwa ukali.

Mimi, Mpimaji Aliyechoka.


JIBU LA MSHAURI

Mpimaji, pole. Nimekusoma mara mbili, na mara ya pili chai yangu nami ikapoa, kwa hiyo uchovu wako unaambukiza. Umeomba ukali, nitakupa, lakini upokee na pole yangu kwanza, kwa sababu mtu asiye na dhamiri halali macho wazi kwa ajili ya kona ya kitu kidogo kama ukucha.

Mimi sijui grafini. Ulipofika kwenye atomu nilitaka kuruka aya. Lakini nimekaa kwenye ukurasa huu nikisoma barua za ndugu wanaofichana mambo mpaka nywele zimegeuka rangi, na nakuambia yako haina tofauti na zao ila kwamba ninyi mna hadubini.

Kukosea kona si dhambi. Kibano kimeteleza, kona imemegeka, ukahesabu kutoka pasipo penyewe, basi. Ungeligundua asubuhi ukalisema mchana, ingekuwa hadithi ya kuchekana nayo miaka kumi. Dhambi yako haiko kwenye maabara, iko kwenye kochi. Mwenzako amekuvalia viatu vipya, amekutaja kwa sifa mbele ya ukuta, amekuuliza kwa macho "Ni sawa?" nawe ukamwambia ni sawa. Hapo, mama, hukukosea. Hapo ulichagua. Na tumbo lako linalokataa sahani yake linakuambia ukweli kukuzidi wewe.

Sasa tuje kwa wifi yako, maana unamtetea kama kuku anavyotetea mayai yaliyokwisha kuoza. Fundi cherehani akikuona kwanza ndipo akate kitambaa, halafu akipunguza kiuno hapa na kuachia bega pale mpaka nguo ikukae, tunamsifu, ndiyo kazi yake. Lakini huyohuyo akisema, "Nguo imemkaa kwa hiyo naujua mwili wa binadamu," tutamwambia hapana baba, unajua kupunguza na kuachia. Wifi yako amekuwa akiviona vitone kwanza. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea. Amepandisha hii, ameshusha ile, na siku mstari ulipolala mlilia kwa furaha, na katika ninyi wote hakuna aliyeuliza swali dogo: je, ungelala hata kama vitone ni vya uongo? Mmekuja kujibiwa bila kuuliza. Jibu ni ndiyo. Linauma, lakini ni jibu, na katika kazi yenu nasikia watu hulipwa kutafuta majibu, hata yasiyopendeza.

Huyo Desimali wenu naye ana lake. Ukimwambia mtu, "Sitaki sababu, nataka mstari upite," utapewa mstari. Ila usimtumie kama mwamvuli. Hakuwalazimisha mtazame vitone kabla ya kukokotoa.

Na mumeo, ambaye umesema huna kesi naye, mwambie mimi ninayo. Fundi wa majokofu anataka tufunike kombe? Aulizwe yeye, mteja akifunga mlango wa jokofu bovu na nyama ikiwa ndani, akarudi baada ya mwezi, anakuta nini. Wale wakubwa wa usaili hawajalala. Makala yenu ikichapishwa, kuna mtu mahali fulani atachukua selotepu yake na penseli yake, atapima utando wa tabaka moja wa kweli, na atakuta vitone vyake havilingani na vyenu. Au yule mama wa leza, ambaye ameshajua nusu ya habari, siku moja atasimama pale ukumbini mbele ya grafu yenu kubwa, atasoma "tabaka moja", na atakumbuka. Wifi yako atakuwa na kazi ya kudumu, mkopo wa kudumu na aibu ya kudumu, na atakapouliza ni nani alijua, kaka yake ataangalia ukutani na wewe utasingizia tumbo. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Unaniuliza kama umwendee Desimali na nusu ya ukweli, ubebe kosa la kona peke yako ili mstari wa wifi usitajwe. Acha hiyo. Inaonekana kama upendo, lakini ni kumfanya wifi yako mjinga. Yeye ni msomi wa hesabu. Ukisema tu matabaka yalikuwa mawili, ndani ya dakika moja atajua maana yake kwa mstari wake. Ataijua mbele ya mkuu wake, bila kujiandaa, na atakuona umekaa hapo unajua. Hilo hatakusamehe, na atakuwa na haki.

Sikiliza basi. Mwambie yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, na umwambie leo. Usisubiri apumzike, hapumziki. Usimwandikie kwenye simu. Usimtume mumeo. Mama mkwe mwacheni kwanza, asije akaamua kesi kabla haijasikilizwa. Nenda chumba cha uani, kaa kitandani kwake kama ulivyozoea, na usianze na atomu wala usimweleze umeteseka kiasi gani, hayo ya mateso yako ni mzigo wako, asibebe yeye. Mwambie, "Wifi, nilikosea kona." Nyamaza. Atauliza mengine yote mwenyewe, na kila anachouliza umjibu, pamoja na swali la tangu lini unajua.

Atanuna. Atakurushia maneno ya kupima uchafu na hatakuwa anatania safari hii. Labda atakaa siku mbili akipita mlango wa nyuma. Mpe siku hizo. Kisha nendeni kwa Desimali wote wawili, bega kwa bega, mmwambie yote mawili, kona na mstari, na siku hiyohiyo mwandikieni mhariri wa jarida asimamishe makala. Grafu ya ukumbini mwishushe ninyi kwa mikono yenu, msingoje kuambiwa.

Halafu kuna ule utando wa kweli ambao unauogopa. Mimi nauona ndiyo bahati pekee iliyomo kwenye barua yako. Haujapimwa. Hakuna anayejua vitone vyake, wewe hujui, naye hajui. Basi safari hii apike kabla ya kuonja. Mwache aamue sasa hivi uchafu ni kiasi gani na maungio yanakula kiasi gani, kwa sababu anazoweza kuzitetea, akokotoe mstari wake, ampe yule mama wa leza autunze. Baada ya hapo ndipo wewe uuwekee dhahabu na uupime, na vitone vyako usimwonyeshe mtu mpaka siku ya kuviweka pamoja mbele ya wote. Akishaona, asiguse namba hata moja. Ukipita, atakuwa na kitu ambacho hajawahi kuwa nacho. Usipopita, mtajua umeukosa kwa kiasi gani na upande gani, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kuhusu usaili sitakudanganya. Aende, awaonyeshe kosa na namna mlivyolishika, na awaonyeshe vitone vipya na mstari mpya hata kama vimepishana. Huenda mmoja kati yao ana akili ya kuona kwamba huyu ni mtu wa kumwamini. Huenda hakuna. Anaweza kuikosa hiyo kazi, Mpimaji, na mtakaa mezani mkiwa na mshahara mmoja na nusu na viatu vipya visivyo na pa kwenda. Sina dawa ya hilo. Lakini ataikosa kwa kazi yake mwenyewe, akiijua, na wewe ukiwa umekaa upande wake. Ukinyamaza ataipata kwa kazi isiyo yake, na utakuwa umemwacha peke yake humo.

Neno la mwisho. Ulisema mnagombania ukurasa huu kwenye chumba cha chai. Hukufikiria kwamba wifi yako naye anausoma ukurasa huohuo wa Jumamosi? Ni wangapi hapo kazini wanaopima penseli na wana wifi wa kuiga? Ningechapisha barua yako kama ilivyofika, angeyajua mambo yake akiwa na kikombe mkononi, watu wamemzunguka. Kwa hiyo jibu hili nakutumia kwanza kwenye ile namba ya simu uliyoniachia, na mhariri wangu nimemwambia alishikilie. Halitatoka gazetini mpaka uniandikie kwamba umemwambia, naye akaridhia litoke. Wengine wote wanaolisoma Jumamosi hii wajue kwamba wifi alishalisikia, na alilisikia kwako.